Impreza STI liwe gari la kutembelea kila siku Tanga: litaweza?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Kange, kazi yangu ipo karibu na bandari, kama kilomita 7 kwenda na 7 kurudi. Mara moja kwa mwezi nakwenda Dar. Nimeona Subaru Impreza WRX STI ya 2004, gia za mkono, namba D, dashibodi inasoma kilomita 138,000. Muuzaji anasema injini haijawahi kufunguliwa. Fundi wangu ananiambia gari la mashindano si la kutembelea, nitajuta. Nami sitakuwa na gari jingine. Nichukue?"

Marahaba. Fundi wako ana hoja, ila sababu aliyokupa siyo yenyewe. Hilo si gari la mashindano. Magari ya rali yalijengwa upya kutoka kwenye bodi ya namna hiyo; hili lililouzwa kwa mnunuzi wa kawaida Japani lina AC, viti vya watu watano na buti linalomeza magunia mawili. Wenzetu huko walikwenda nalo kazini na kupeleka watoto shule. Lakini walikuwa na petroli ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipua) kila kona.

Wewe unaogopa safari ya Dar. Gari hili linaogopa kilomita 7 za kwenda bandarini. Nitakueleza kwa nini, kisha utapima mwenyewe.

Injini yake ni EJ207, cc 1,994, pistoni nne zimelala mbili kila upande, na turbo moja, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Nguvu farasi 280 ndicho kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Lita 4 na nusu hivi za oili ndizo zinazolainisha kila kitu humo, ikiwemo turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hapo ndipo uhai wa gari ulipo.

Sindano ya joto kwenye dashibodi inapima maji, haipimi oili. Maji yanafika katikati baada ya kilomita 4 au 5. Oili inahitaji karibu mara mbili ya hapo. Maana yake unafika kazini, unazima, na oili haijawahi kupata moto sawasawa. Injini ikiwa baridi kompyuta inamimina petroli ya ziada, na sehemu yake inapita pembeni ya ringi kushukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unyevu nao unaingia. Oili ikikaa na moto kamili kwa dakika 20 hivi, vyote viwili vinakuwa mvuke na kuondoka. Isipopata moto huo, vinabaki humo, oili inakuwa nyepesi, na beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), ambazo kwenye injini hii ni nyembamba, zinaanza kulika. Na usijidanganye kwamba Tanga hakuna baridi. Kwa injini, nyuzi 25 za asubuhi ni baridi.

Dalili utaiona ukifungua kifuniko cha kujazia oili: utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani. Usishtuke mara moja. Utando ukiwa kwenye kifuniko tu, na kulanti haipungui, huo ni unyevu wa safari fupi. Ukiukuta hadi kwenye stiki ya oili, na kulanti inapungua, hapo unazungumzia gasketi ya silinda hedi na gereji.

Dawa yake ni rahisi. Mara moja kwa wiki lipeleke Muheza na kulirudisha, mwendo wa 80, bila kulikimbiza. Wiki ya safari ya Dar unaacha. Asubuhi, kwa kilomita 8 za mwanzo, usivuke mzunguko wa injini wa 3,000 kwa dakika. Kwako hiyo ni sawa na kusema njia nzima ya kwenda kazini unakwenda taratibu kama mwenye Vitz. Kama sharti hilo linakuudhi, basi hapo umeshapata jibu la swali lako.

Oili iwe sintetiki kamili, 5W-40, na ibadilishwe kila kilomita 4,000 au miezi minne, kinachotangulia. Piga hesabu yako: 14 mara siku 26 ni 364, Dar kwenda na kurudi weka 700, Muheza mara tatu au nne weka 200 na kitu. Jumla ni karibu 1,300 kwa mwezi, kwa hiyo kila miezi mitatu unafungua nati ya sampu. Nunua dumu la lita 5. Lile salio la nusu lita likae kwenye buti, maana utalihitaji.

Utalihitaji kwa sababu injini hizi zinakula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, na kati ya alama ya chini na ya juu ya stiki kuna kama lita moja tu. Pima kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Chomoa, futa, ingiza, chomoa tena. Stiki ya Subaru ina tabia ya kudanganya: upande mmoja unaonyesha juu, wa pili chini. Shika usomaji wa chini. Ikipungua hadi nusu, ongeza. Usisubiri taa nyekundu, kwani taa ile inawaka presha ikiwa imeshaanguka, na beringi haihitaji hata dakika moja. Kwenye mzunguko wa barabara ukiwa na oili pungufu, oili inasogea upande mmoja, bomba la kunyonya linavuta hewa, na siku hiyo hiyo injini inanoki. Bomba lenyewe pia lina historia ya kupata ufa kwenye injini za turbo za familia hii. Siku sampu ikishushwa kwa sababu yoyote, mwambie fundi alikague au aweke jingine lililoimarishwa.

Turbo haina mambo mengi. Kilomita 2 za mwisho nenda polepole, ukifika acha injini iungurume dakika moja, zima. Ukizima ghafla baada ya kulikimbiza, oili iliyobaki kwenye beringi za turbo inaungua na kuwa masizi magumu, na masizi hayo ndiyo yanayoziba njia.

Sasa petroli. Kompyuta ya gari hili ilipangwa kwa petroli ya Japani, na oktani 100 Tanga huipati. Oktani ikiwa chini, mchanganyiko unajilipua wenyewe kabla ya cheche kumaliza kazi, na sauti yake ni kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua, na kwa uendeshaji wa kawaida injini inasalimika. Kwa hiyo petroli ya hapa haitaliua gari lako kwa kwenda kazini. Litakufa kama utaweka petroli ya hapa halafu ukaendesha kana kwamba uko Japani.

Jambo baya kuliko yote ni kukanyaga mafuta hadi chini ukiwa gia ya 5 au 6 kwenye mwendo wa 60. Turbo inajaza, mzunguko ni mdogo, mzigo ni mkubwa, na mlipuko unagonga juu ya pistoni kama nyundo hadi kingo zinazoshika ringi zinapasuka. Kati ya Muheza na Segera, ukiwa nyuma ya lori la saruji na unataka kupita, rudi gia ya 3 au 4, injini iwe imeshafika 3,500 au 4,000, ndipo ukanyage. Ukishapita, achia. Mjini gia ya 3 kwa mwendo wa 50 inatosha, na tochi za vijijini zitakukumbusha kwamba 50 ndiyo ruhusa yenyewe.

Jaza kwenye kituo kimoja chenye wateja wengi, ambako petroli hailali, na uchukue ya oktani ya juu kila inapopatikana. Petroli ya chupa ya bodaboda usiiguse hata ikukute porini, maana mafuta ya taa kidogo tu yakichanganywa humo yanaporomosha oktani vibaya. Zile chupa za dawa ya kupandisha oktani, soma vizuri: "pointi 5" maana yake mara nyingi ni 0.5, yaani toka 95 hadi 95.5. Hela hiyo weka kwenye plagi za iridiumu halisi, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, na kuwa macho kwani za bandia zimejaa.

Kuna kipimo kimoja ambacho fundi mwenye laptopu na waya wa Subaru anaweza kukusomea kwa dakika 10: namba inayoonyesha kompyuta inaiamini petroli kiasi gani. Kwenye kompyuta za zamani kamili ni 16, kwenye za baadaye ni 1. Ikisoma kamili baada ya wiki kadhaa za kutembelea, petroli yako na injini vinaelewana. Ikikaa chini, tafuta sababu kabla ya kulikimbiza tena. Na ukipata mtu anayejua kweli kuipanga upya kompyuta kwa petroli ya hapa, hiyo ndiyo "tuning" pekee ninayokushauri kuilipia.

Matumizi: mjini tegemea kilomita 7 kwa lita, barabara kuu 10. Kwa ratiba yako ni karibu lita 145 kwa mwezi. Tangi ni lita 60.

Joto la Tanga lina mambo yake. Lile tundu kubwa juu ya boneti linapeleka hewa kwenye kipozeo cha hewa ya turbo, kilicholala juu kabisa ya injini. Gari likitembea, linapoa. Likisimama kwenye jua la Februari pale Ngamiani dakika 15, joto lote la injini linapanda na kukioka. Ukiwasha na kukanyaga papo hapo, injini inavuta hewa ya moto, na kugonga kunarudi. Tembea kilomita moja au mbili ndipo uliombe nguvu. Kama lina kitufe cha kunyunyizia maji kwenye kipozeo hicho, tangi lake lijaze maji yaliyosafishwa. Watu wa pwani wanajaza maji ya kisima, na chumvi yake inaganda kwenye mapezi hadi hewa haipiti, kisha wanashangaa gari limekuwa zito. Kwenye rejeta vivyo hivyo: kulanti nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Ni maji ya betri yasiyo na asidi. Mwambie muuza duka wazi, asikupe asidi. Kwenye magari haya kulanti inajazwa kupitia kile kitangi cha chuma kilicho juu ya injini, si kwenye rejeta, na hewa lazima itolewe yote. Hewa iliyobaki ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ya "linachemsha". Washa AC, fungua boneti, hakikisha feni zote mbili zinazunguka.

Kuhusu yale mapambo: vijana wanapenda ule mlio wa "pshhh" ukiachia mafuta. Kifaa cha kutoa hewa nje kinamwaga hewa ambayo sensa imeshaihesabu, hivyo petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi zinachafuka, gari linatetereka likishuka mzunguko. Filta ya wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto. Bomba pana la moshi bila kupanga kompyuta linaifanya turbo ijaze kupita kiasi. Gari ulilopelekewa likiwa na vyote vitatu, punguza bei kichwani mwako au achana nalo. La kutembelea kila siku liwe kama lilivyotoka kiwandani.

Bahari sasa. Kange si Raskazone ya ufukweni, lakini bandarini unaegesha siku nzima kwenye upepo wa chumvi. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki mbili, na zaidi wakati wa kusi. Bodi hii inaanza kuoza kwenye madigadi ya nyuma, ndani, pale tope linapokaa. Pitisha kidole nyuma ya ukingo wa juu ya tairi la nyuma: ukigusa chuma chenye magamba, kutu imeshaingia. Diski za breki zitakuwa na rangi ya kutu kila asubuhi, hilo si tatizo, zinajisafisha mtaa wa kwanza. Breki zenyewe ni Brembo, pistoni nne kila upande wa mbele, na pedi za Impreza ya kawaida haziingii. Oili ya breki DOT 4 ibadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu inavuta unyevu wa hewani na hapa unyevu haukosekani. Breki hizi zinasimamisha gari haraka mno kuliko daladala iliyo nyuma yako, na Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo tazama kioo kabla ya kukanyaga.

Shokapu za STI zimegeuzwa juu chini. Grisi ikikauka zinagonga "kok kok" kwenye kila tuta, na fundi atakuambia zimekufa. Kwanza azifungue, asafishe, atie grisi mpya. Mara nyingi mlio unaondoka. Matuta yapite gia ya 1, polepole kabisa. Lipo chini na bampa la mbele ndilo linalolipia.

Matairi yanahitaji nidhamu kuliko gari lolote ulilowahi kuwa nalo. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo manne yawe aina moja na ulaji mmoja. Duru zake zisipishane zaidi ya milimita 6. Zungushia uzi na upime. Ukipata pancha isiyozibika, usiweke tairi moja la mtumba ukaenda nalo Dar: diferensha zitafanya kazi saa zote bila kupumzika, zitapata moto, zitakwisha. Kama kuna kitufe au gurudumu dogo la kufunga diferensha ya kati, liache kwenye otomatiki. Na kwa kuwa lako ni la 2004, angalia kibati ndani ya boneti: baada ya GDB, namba ya modeli, kuna herufi. D inatumia rimu za 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), E na kuendelea 5x114.3. Mwaka huo zilitoka zote mbili, na watu wengi wamenunua rimu zisizoingia.

Spea za Tanga usizitegemee. Milango, vioo na swichi za Impreza ya kawaida ya umbo hilo zitakufaa. Injini, giabox na breki utaagiza Dar au Japani. Hapo ndipo ile "sitakuwa na gari jingine" inaponitia shaka. Kifaa kikichelewa wiki tatu, utapanda bajaji wiki tatu. Bima chukua kubwa.

Taimingi belti: muda wake ni kilomita 100,000, lakini mpira unazeeka hata gari likisimama. Kwa 138,000 bila risiti, ihesabu kuwa haijabadilishwa. Weka seti nzima: belti, tensheni, puli zote ikiwemo ile yenye meno, na pampu ya maji. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji asiliwashe siku hiyo mpaka ufike. Gusa injini, iwe baridi. Liwashe usikilize. Mlio mkavu wa kugongagonga unaopotea ndani ya dakika chache ni pistoni, unaweza kuishi nao. Mlio mzito unaokuja injini ikishapata moto, ukipandisha resi hadi 2,500 na kuachia, huo ni konrodi. Moshi wa buluu ni oili, mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti. Kisha fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Zikaribiane, moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, mazungumzo yamekwisha. Angalia zaidi namba 4, iliyo upande wa abiria, nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, maana ndiyo yenye sifa mbaya kwenye familia hii.

Mwisho omba kubadilisha oili kwa gharama yako, hapo hapo. Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, toa karatasi ya ndani, ikamue, ivute kama kitambaa na uitazame juani. Weusi mtupu ni kawaida. Ukiona vichembe vinavyometa rangi ya shaba au fedha, vinavyotelezea kwenye kidole bila kuwa mchanga, hizo ni beringi. Mlipe oili yake, mrudishie funguo.